Meza Tuliyoikata Miguu

“Wewe uliyesoma, hebu niambie: mkono unaweza kuzeeka peke yake, mwenyewe akiwa bado na nguvu?”

Mama Betty aliniuliza hivyo katika chumba cha chai nyuma ya ofisi yetu ya Kitale, akiwa amekishika kikombe kwa viganja vyote viwili kama mtu aliyeshika kifaranga. Nilikuwa na shahada ya sosholojia, nilikuwa na maoni kuhusu dini, ndoa, siasa na namna ya kupika mrenda, na nilikuwa na tabia ya kuuliza “kwa nini” hadi mchungaji wetu akawa ananikwepa mlangoni mwa kanisa. Lakini kuhusu mkono wa Mama Betty sikuwa na neno hata moja. Hilo likamchekesha. “Haiya! Leo Nasimiyu amekosa kitu ya kusema,” akaliambia birika. “Wacha mvua inyeshe.”

Swali hilo lilinirudia mwaka jana huko Naitiri, kwenye harusi ya mtoto wa mwisho wa Mama Betty. Mvua ya mchana ilipiga hema upande mmoja, watu wakabeba viti vyao vya plastiki kuhamia upande wa pili, na katika kusukumana huko sisi tuliofanya kazi ofisi moja zamani tukajikuta tumezunguka meza moja bila kupanga. Kemboi, ambaye nilimwacha mwembamba kama fimbo ya kuchungia, alikuja na kitambi na sauti ileile ya kuamsha watoto: “Niaje, Madam Kwa Nini!” Hilo ndilo jina alilonibandika mwaka ule wa Kitale. Mama Betty alikuwa katikati ya uwanja kwa gauni la kitenge, mikono juu, akipiga makofi kwa nguvu hadi mshereheshaji akamsihi apunguze kidogo, maana hata kipaza sauti kilikuwa kimeshindwa. Mimi niliitazama ile mikono. Inajulikana kwamba watu hukumbuka miaka yao kwa nyimbo au kwa harufu. Mimi mwaka wangu niliukumbuka kwa viganja vya mama wa miaka sabini na zaidi, vikigongana bila kuogopa chochote.

Ulikuwa mwaka wa pili wa serikali mpya, wakati ambapo kila mtu mwenye mdomo alikuwa na neno “mabadiliko” ndani yake. Chama chetu cha ushirika cha wakulima wa mahindi nacho kiliamua kubadilika. Nililetwa Kitale nikiwa na cheo cha “msaidizi wa kompyuta”, cheo ambacho hakuna aliyeweza kunieleza maana yake, na meneja wetu, Bwana Simiyu, akanipangia nikae kwa Mama Betty, mchapaji mkuu, mpaka nijipange. Sikujipanga. Chumba alichonipa kilikuwa cha mabinti zake waliokwisha kuolewa, kina kitanda cha chuma, dirisha linalofungwa kwa msumari uliopindwa, na ukuta wa mbao uliopitisha kila sauti. Asubuhi za Kitale ni za baridi inayoingia hadi kwenye meno. Niliamshwa na mambo mawili: mlio wa jiko likitikiswa jivu, na Mama Betty akisali upande wa pili wa mbao kwa sauti aliyodhani ni ya chini. Aliwaombea watoto wake mmoja mmoja, akaiombea bei ya mahindi, akamwombea hata Kemboi aache kuvaa suruali zinazoanguka. Siku moja nikamsikia anauombea mkono wake wa kulia, akiutaja kama vile ni jirani aliyekosana naye: “Nao huu, Bwana, uongee nao.”

Tulikunywa chai ya maziwa na viazi vitamu vya kuchemsha, tukatembea hadi ofisini tukitema mvuke. Ofisi ilikuwa juu ya duka la mbolea na mbegu, kwa hivyo hadi leo nikisikia harufu ya dawa ya kuogeshea ng’ombe nahisi nimechelewa kazini. Ukipanda ngazi ulikuta chumba kikubwa, kaunta ya kupokelea wakulima, meza tatu, na mwisho kabisa kiambaza cha plaiwudi kilichotenga ofisi ya Bwana Simiyu. Katika ofisi ile kiti kilikuwa cheo. Bwana Simiyu alikalia kiti cha ngozi kinachozunguka, chenye mgongo mrefu kupita kichwa chake. Kilichofuata kilikuwa cha mhasibu, chenye mikono. Mchapaji alikuwa na kiti cha mbao kisicho na mikono wala huruma. Nilipouliza kwa nini anayekaa siku nzima ana kiti kibaya, na anayeshinda shambani kwa wanachama ana kiti kizuri, Kemboi, karani wa kaunta, alinitazama kwa masikitiko. “Madam, si wewe ulienda yunivasiti? Huko hawakuwaambia mkubwa ni nani?”

Kompyuta zilifika kwa pikapu, zimefunikwa blanketi kama wagonjwa. Bwana Simiyu aliziweka mwenyewe, na aliziweka kama televisheni inavyowekwa sebuleni kwetu: juu, mahali pa heshima, mgeni akiingia azione. Chini kasha la mbao, juu yake lile sanduku la mashine, juu yake skrini, na juu ya skrini kitambaa cheupe kilichofumwa na mkewe, chenye maua ya manjano pembeni. Meza zenyewe zilikuwa za zamani, za mbao nzito, ndefu kwenda juu, zilizotengenezwa enzi za makarani walioandika kwa wino wakikalia stuli ndefu. Stuli zilikufa, meza zikabaki. Mama Betty ni mfupi. Akikaa, ukingo wa meza ulimfika kifuani. Viwiko vikapanda kama mabawa, vifundo vya mikono vikakunjwa juu ya ukingo wa mbao, na shingo ikainuka kutazama skrini. Wote watatu, mhasibu, yeye na mimi, tulifanana na kuku wanaomeza maji. Tulijiona wa kisasa sana.

Maumivu hayakuja siku moja. Yalianza kwa ganzi vidoleni asubuhi, kisha moto uliopanda hadi kwenye kiwiko, kisha akaanza kuangusha vitu. Kikombe. Kifuniko cha sufuria. Siku moja akaangusha mwiko wa ugali na kucheka, lakini nilimwona akiutazama mkono wake kama mtu anayetazama mtoto aliyemtukana mbele ya wageni. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Jirani yetu alisema ni baridi ya Kitale. Dada wa kanisani alisema ni mtu anayekitamani kiti chake amefanya mambo. Kemboi alisema ni miale inayotoka kwenye skrini, ati ameisikia redioni. Mhasibu alisema ni uzee tu, na hilo ndilo lililomuuma Mama Betty kuliko yote, kwa sababu hakuwa na namna ya kulijibu. Alivaa bangili ya shaba, akapaka mafuta ya kukanda yenye harufu ya kukufanya ulie, akaendelea kuchapa. Mimi nilizikataa sababu zote kwa zamu na sikuwa na ya kwangu. Kukataa ni rahisi. Nimeishi nikikataa mambo, na bado mara nyingi hushangaa jinsi kusivyomsaidia mtu mwenye maumivu.

Kisha nikasikia maneno kupitia plaiwudi. Bwana Simiyu alikuwa na mweka hazina wa kamati, na chai yao ilikuwa imewalegeza sauti. “Majina yote ya wanachama lazima yawe ndani ya kompyuta kabla ya mkutano wa mwaka,” alisema. “Asiyeweza, tutampumzisha. Na yule mama, mkono wake umekwisha. Mimi namhurumia, lakini huruma haichapi.” Niliinua macho nikakutana na ya Mama Betty. Alikuwa amesikia kabla yangu. Miaka yote aliyokaa karibu na kile kiambaza ilimfundisha kusikia bila kugeuza kichwa. Aliendelea kuchapa. Tukiwa njiani kurudi nyumbani ndipo akasema, bila kunitazama: “Kuenda nyumbani nitaenda, hiyo si shida. Kila mtu anaenda nyumbani. Lakini nitaenda na miguu yangu siku yangu ikifika. Sitaki kurudi Naitiri nikiwa nimeshikwa mkono kama mgonjwa, watu waseme, kompyuta ilimshinda.”

Hapo nikaanza vita, na kama vita vyangu vyote vya wakati ule nilivianza na kitu kibaya. Nilianza na viti. Nilimsumbua Bwana Simiyu hadi akaagiza kutoka Eldoret viti viwili vya magurudumu, vyenye mto mzuri na kijiti cha kuinua na kushusha. Vilipofika tulivishangilia. Hakuna aliyekubali nivivue nailoni vilivyofungwa nayo dukani. “Utaviharibu!” Mama Betty alinipigia kelele. Kwa hivyo alikaa juu ya nailoni, akiteleza polepole kama samli kwenye kikaango, akijirudisha juu, akiteleza tena. Hilo lingevumilika. Siku ya pili aliingia mzee mmoja mkulima kutoka Saboti, kofia mkononi, matope ya mlimani kwenye buti. Mama Betty alisimama papo hapo na kumsogezea kile kiti. Mzee akakaa, akazunguka kidogo kulia, akazunguka kidogo kushoto, akaguna kwa raha. Mama Betty akavuta ndoo ya plastiki, akaigeuza, akaikalia, na kuendelea kuchapa akiwa amefikiwa na meza shingoni.

“Mama, hicho kiti kimenunuliwa kwa ajili ya mkono wako!” nilimnong’oneza.

“Na mgeni akae wapi? Kwa ndoo?”

“Kuna benchi.”

“Benchi!” Alinitazama kana kwamba nimependekeza mzee akalie moto. “Wewe Nasimiyu, mama yako akisikia umekalia mto na mtu mzima amekalia mbao, utamwambia ulisomea wapi?”

Wakulima hawakukoma kuja. Habari za viti vinavyozunguka zilifika hadi chini ya mlima, na nadhani wengine walikuja kuuliza bei ya mbegu waliyokwisha kuijua. Kutoka asubuhi hadi jioni viti vyetu vya afya vilikaliwa na watu wenye migongo imara kuliko mihimili ya daraja, nasi tuliokuwa tukiumia tukakalia ndoo. Siku moja ambayo hapakuwa na mgeni nilimshawishi Mama Betty nikiinue kiti hadi viwiko vyake vilingane na meza. Kwa mara ya kwanza mabega yake yalishuka. Akatabasamu. Mlango wa plaiwudi ukafunguka, Bwana Simiyu akatoka na mjumbe wa kamati, akasimama, akatazama juu, kwa sababu yeye si mrefu, na kichwa cha Mama Betty sasa kilikuwa juu ya chake. “Naona siku hizi mwenyekiti ni wewe, Mama,” alisema kwa upole. Mjumbe akacheka. Mama Betty akatafuta kile kijiti kwa haraka, kiti kikashuka kwa mlio wa aibu, na tangu siku hiyo hakukiinua tena.

Katikati ya mwaka tukatumwa Bungoma, mimi na yeye, kuandaa kumbukumbu za tawi la huko kabla nazo hazijaletwa kwenye kompyuta. Nilidhani wanamsogeza taratibu kuelekea mlangoni, na huenda ndivyo ilivyokuwa, lakini sijawahi kufurahia mahali kama nilivyofurahia Bungoma. Joto lilitulegeza. Baiskeli za boda zilipita dirishani zikipiga kengele, abiria wanawake wamekaa upande mmoja na mizigo yao bila kushika chochote. Tulikaa kwa shemeji yake, mwanamke mnene mwenye kicheko, aliyeamini kwamba kila ugonjwa ni njaa iliyojificha. Alitupikia ugali wa mtama na muhogo, mweusi na mzito, na kuku wa kienyeji, na mboga za saga zilizolazwa kwenye maziwa hadi zikapoteza uchungu. Jioni wao wawili walikaa nje wakibambua mahindi na kusengenya ukoo mzima kwa utaratibu, kuanzia wakubwa kwenda wadogo. Ofisi ya tawi haikuwa na kompyuta. Ilikuwa na taipureta ya chuma, nzito kama mbuzi, kwenye meza fupi iliyokuwa ya darasa la watoto.

Baada ya wiki chache Mama Betty akaacha kuangusha vitu. Hakusema; mimi niliona tu kwamba mwiko umerudi mkono wa kulia. Nikamuuliza kama bado anasikia ganzi, akafikiri, akasema, “Hee. Hata nilikuwa nimesahau.” Kwa nini? Kazi ilikuwa ileile, maneno yaleyale, saa zilezile, na kuipiga taipureta kunahitaji nguvu kuliko kugusa kompyuta. Nililaza kalamu yangu na kumtazama asubuhi nzima. Mstari ukiisha, kengele ililia, naye akarudisha gari la karatasi kwa mkono wa kushoto. Karatasi ikiisha, aliichomoa, akapanga mpya na kaboni, akazigonga mezani zilingane. Akikosea, alipaka dawa nyeupe ya kufutia, akaipuliza ikauke, akatazama dirishani. Utepe ukijikunja alisimama. Mashine ile ilimpumzisha bila yeye kuomba ruhusa. Kompyuta haikuwa na kengele wala mwisho wa karatasi. Vidole vilikimbia kuanzia chai hadi chakula cha mchana bila mtu kuviambia vimefika. Na meza ile ya watoto ilikuwa chini, viwiko vyake vimening’inia vizuri, vifundo vimenyooka.

Jumamosi hiyo tulienda hospitali ya misheni kule Lugulu, kwa sababu sasa nilikuwa na wazo na sikuliamini. Mtaalamu wa viungo, mwanamke wa makamo aliyekuwa na haraka, alimkunja Mama Betty kifundo, akamgongagonga kwa kidole, akamuuliza moto unapita wapi. Kisha akachukua bomba la kunywea soda na uzi, akaupitisha uzi ndani, akalikunja bomba. “Huu uzi ndio mshipa wa fahamu unaoenda kwa vidole. Hapa kwa kifundo unapita mahali pembamba. Ukikunja hivi siku nzima, panavimba, mshipa unabanwa. Ukinyoosha na kupumzisha mapema, unapona. Ukingoja sana, sikuahidi.” Mama Betty aliangalia lile bomba. “Kwa hivyo haujazeeka,” akasema. “Mama,” yule mwanamke akajibu akiita mgonjwa mwingine, “umekunjwa tu.” Tulirudi Bungoma tukiimba. Nasema kweli. Watu wawili wazima, tunaimba barabarani kwa sababu mkono umekunjwa.

Lakini kujua ni jambo moja. Ofisi ya Kitale ilikuwa bado na meza ndefu, wageni wenye heshima zao, na meneja asiyependa kutazama juu. Tulilijadili hilo jikoni kwa Mama Betty siku tuliyorudi, Kemboi akiwepo kwa sababu alinusa chapati. Nililalamika kwamba desturi zitamuua mtu. “Desturi hazina shida,” Kemboi alisema akitafuna. “Shida ni kiti. Kiti kina wenyewe. Ukikipandisha, umempanda mkubwa. Kikiwa kizuri, ni cha mgeni.” Nikauliza, kwa mazoea tu ya kuuliza: “Na meza? Meza ina mwenyewe?” Hakuna aliyeweza kukumbuka mtu yeyote, Mbukusu wala Msabaoti, aliyewahi kukasirikia urefu wa meza.

Jumamosi mchana, ofisi ikiwa imefungwa, Kemboi alileta msumeno aliouazima kwa fundi. Tuliipindua meza ya Mama Betty chali, nikapima kwa kumkalisha kitini na kushusha kamba kutoka kwenye kiwiko chake, nikaweka alama kwa chaki. Kemboi alikata kwa majivuno. Tulipoisimamisha, ikachechemea. Akapunguza mguu mmoja, ikachechemea upande mwingine. Akapunguza huo. “Polepole, wewe!” Mama Betty alipiga kelele, mkono mdomoni, machozi ya kicheko yakimtoka. “Tutabaki na kibao cha chapati, bana!” Mwishowe ilitulia, mguu mmoja ukisaidiwa na kipande cha kadibodi. Tukaishusha skrini kutoka kwenye mnara wake hadi ikatazamana naye uso kwa uso, tukaigeuza dirisha lisimwangaze machoni, na kitambaa cha mke wa meneja tukakitandika vizuri juu yake, maana hatukutaka vita viwili. Kiti nacho nikakivua nailoni, na Mama Betty hakuzuia, kwa sababu nilikuwa na gunia kuukuu la mahindi mkononi. Nikalifunga juu ya ule mto mzuri kwa sisali. Kikawa kiti kibaya kuliko vyote Trans-Nzoia. Kile cha pili tukakiweka karibu na kaunta, tukakipamba kwa vitambaa viwili na mto mwekundu.

Jumatatu mgeni wa kwanza alipoingia, alitupa jicho moja kwenye lile gunia, akaenda mwenyewe kukalia mto mwekundu. Hakuna aliyemwonyesha. Mama Betty hakulazimika kutoa kiti. Ungemtukana mtu kwa kumpa kile. Lakini heshima ilibaki na deni lake, Mama Betty akalilipa kwa miguu: kila mgeni alipoingia alisimama, akazunguka kaunta, akamshika mkono kwa viganja viwili, “Mulembe,” akauliza habari za nyumba, za ng’ombe, za mvua, kisha akarudi kuchapa. Tulimwambia Kemboi asimpokee mtu yeyote peke yake. Wakulima ndio wakawa kengele ya mwisho wa mstari. Siku ambazo hawakuja, nilimtuma mimi akaangalie kama kuna mtu kwenye ngazi.

Bwana Simiyu alikuja saa nne. Alisimama mbele ya ile meza kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko masomo yangu yote. “Nani amekata mali ya chama?” Kemboi akagundua kitu cha kufanya chini ya kaunta. Nikasema ni mimi, nikaanza kueleza mshipa na bomba la soda, naye akainua mkono ninyamaze. Akasema tutalipa meza. Akasema mambo mengine. Mama Betty aliendelea kuchapa, mabega chini, viwiko vimetulia, na majina ya wanachama yakawa yanapanda kwenye skrini moja baada ya jingine, bila kusita, na sauti ya vidole ikajaza chumba. Alikuwa anachapa kama mtu anayekimbia mteremko. Bwana Simiyu akageuka kutazama. Kisha akasema, “Ondoka kidogo, Mama,” akakaa mwenyewe juu ya gunia, akaweka mikono mezani. Hata mtu mfupi kama yeye, nyuma ya meza fupi namna ile, alionekana mkubwa sana. Alionekana kama chifu. Nadhani aliliona hilo kwenye macho ya wakulima waliokuwa kaunta, kwa sababu alijinyoosha, akasafisha koo, akamwita Kemboi kwa sauti nyingine kabisa. “Huo msumeno bado uko?”

Kufikia mwisho wa wiki hapakuwa na meza ndefu ofisini. Majina yote yaliingia kabla ya mkutano wa mwaka. Mama Betty aliyasoma yale ya wanachama wapya mbele ya mkutano akiwa amesimama, na hakuna aliyezungumza tena juu ya kumpumzisha. Aliendelea kwa miaka mingi, mimi nikiwa nimeshaondoka kwenda kuuliza maswali yangu kwingine, hadi siku yake halali ya kustaafu ilipofika. Waliniambia alishuka zile ngazi na zawadi zake za kuagwa, sufuria mpya kichwani na blanketi begani, akikataa kushikwa mkono na mtu yeyote.

Huko Naitiri, mvua ilipokatika, Bwana Simiyu aliletwa mezani kwetu akiegemea bintiye. Amekuwa mzee mwepesi, mwenye kucheka haraka. Tulimkumbusha msumeno, akacheka hadi akakohoa. Kisha akanigeukia na kuniambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, jambo ambalo mimi niliyeuliza kila kitu sikuwahi kuliuliza: kwa nini niliajiriwa. Nililetwa Kitale kushika kazi ya Mama Betty. Kamati ilikuwa imeamua kabla hata kompyuta hazijafika, na yeye mwenyewe alimwambia Mama Betty uso kwa uso, akamwomba anifundishe kazi na kunitunza mpaka nitakapoiweza. Jioni hiyohiyo Mama Betty alienda nyumbani na kukifagia kile chumba cha mabinti zake.